Upinde wa mjomba: niukarabati au nikatafute mpya?

Upinde wenyewe nliukuta stoo umening'inia kwenye msumari, kamba imeota manyoya kama sweta iliyofuliwa mara mia, saiti, kile kifaa cha kulengea, ina pini nne na moja imepinda inaangalia pembeni kama haitaki ugomvi. Mjomba alikuwa amenipigia simu wiki moja kabla, "njoo uchukue hili lidude, mabega yangu yameshagoma." Nikaenda nikauchukua, na toka siku hiyo kila mtu anayejua mambo ya pinde akiuona anauliza swali lile lile, kwani we huwezi kununua mpya?

Naweza, sio kwamba siwezi. Ila nikajiuliza mpya wa nini hasa, maana kipya kinyemi ingawa kidonda, na nimeona watu wananunua upinde mpya kila baada ya miaka miwili na bado wanakosa shabaha ile ile waliyokuwa wanakosa mwanzo. Alafu nimeona na wale wengine, wanaomwaga hela kwenye upinde wa zamani kipande kwa kipande mpaka ukijumlisha wangepata miwili. Mimi nimepita katikati hapo, nikaharibu vitu viwili vitatu, ndo maana naandika.

Kwanza tuelewane tunaongelea upinde gani. Huu ni kampaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, kebo zinapishana katikati. Aliyeanzisha ni Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alichukua upinde wa kawaida akakata ncha akafunga puli, akaomba hataza mwaka 1966 akaipata 1969. Kila kampaundi unayoiona leo hata ikiwa inang'aa vipi ni mjukuu wa ile. Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani kati ya upinde wa miaka 20 iliyopita na wa leo kuna muujiza umetokea hapo katikati. Hamna muujiza. Kuna maboresho, mengine makubwa kweli na mengine ni rangi tu na jina jipya la kemu, yani yale magurudumu ya kwenye ncha.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilipofika nao nyumbani kitu cha kwanza nilichofanya nikaenda kununua saiti mpya, yani kabla hata sijaukagua upinde wenyewe kama ni mzima. Nilitaka tu upendeze. Fundi alipouona akaniambia kaka umenunua miwani kabla ya kujua mgonjwa anapumua. Nikacheka lakini iliniingia.

Kinachoamua kila kitu kwenye upinde wa zamani ni ile mikono miwili, wa juu na wa chini, inayopinda ukivuta. Hiyo ndo springi. Imetengenezwa kwa faibaglasi, na faibaglasi ikianza kupasuka haiponi, hamna gundi hamna kuungaunga. Namna ya kukagua ni rahisi mpaka inachekesha, unachukua pamba, pamba hii hii ya kawaida, unaipitisha taratibu kando ya mkono wote mbele na nyuma, hasa kule kwenye ncha karibu na ekseli na kule chini unapoingia kwenye mwili wa upinde. Pamba ikinasa hata kaunyuzi kamoja, hapo pana mwanzo wa ufa. Mimi mjanja nikatumia kidole. Kijibanzi kikaingia kwenye kidole gumba, hukioni kwa macho lakini kila ukigusa kitu unakisikia, siku mbili nzima nashika kikombe kama bibi harusi. Tumia pamba. Bahati kile kijibanzi kilikuwa cha rangi ya juu tu, fundi alikwangua akaangalia na taa kwa pembeni akasema mkono ni mzima.

Akaniuliza swali moja ambalo nakushauri umuulize yeyote anayekupa au kukuuzia upinde wa zamani: umewahi kuachiwa bila mshale? Ukiachia kamba bila mshale ile nguvu yote ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye upinde wenyewe, mikono, kemu, ekseli, kamba, kila kitu kinapigwa. Nikampigia mjomba. Kimya kidogo kwenye simu, alafu, "Mara moja tu. Kuna shemeji yako mmoja alikuwa anajaribu." Basi ikabidi fundi azungushe kemu zote mbili kwa mkono polepole anaangalia kama zimepinda, na kupitisha kucha kwenye ule mfereji wa kamba kuona kama kingo zimemeguka, maana ukingo uliomeguka unakata kamba mpya ndani ya wiki. Zilikuwa salama. Zingekuwa mbovu makala hii ingeishia hapa, ningekwambia nunua mwingine.

Baada ya hapo kamba. Wazee walikuwa na neno lake zuri, upote, siku hizi husikii mtu akilitumia. Ile ya mjomba nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika moja moja karibu na kemu ya chini, na ule uzi wa kuzungushia katikati pale mshale unapokaa ulikuwa umelegea unateleza ukiusukuma na ukucha. Fundi aliuweka upinde kwenye presi, ile mashine inayobana mikono ili kamba ilegee, na hapa nakuomba usijaribu nyumbani kwa nguvu za mikono wala kwa kamba ya kuanikia, upinde uliovutwa unabeba nguvu ya kukuvunja uso. Akavua kamba na kebo zote mbili, akaziweka kwenye meza karibu na mpya. Nilishangaa. Ya zamani ilikuwa ndefu kuliko mpya kwa karibu upana wa kidole, yani miaka yote ile ilikuwa inarefuka kidogo kidogo. Na kamba ikirefuka kemu zinageuka kidogo kutoka mahali pake, ya juu inawahi ya chini inachelewa, kile kitobo cha kuchungulia kilichofungwa kwenye kamba kinajizungusha, na wewe unajilaumu kwamba mkono wako mbovu. Mjomba alinisimulia miaka yake ya mwisho jinsi mishale ilivyokuwa inaenda kushoto, akadhani ni uzee.

Kama kuna kitu kimoja tu utakachofanya kwenye upinde wa zamani ni hicho, kamba na kebo mpya zote kwa pamoja. Watu wengi husema kila miaka miwili hadi mitatu ubadilishe, na katikati upake nta. Upinde uliokaa msumarini miaka kumi haina mjadala.

Nikatoka pale na kamba mpya natabasamu, nikaenda kupiga. Mshale wa kwanza kamba ikanichapa ndani ya mkono wa kushoto, hapa chini ya kiwiko, alama ikakaa siku nne rangi zote za upinde wa mvua. Wa pili hivyo hivyo. Nikajua nimefanya kitu kibaya lakini kumbe tatizo lilikuwa ni mjomba. Mjomba ni mrefu. Kampaundi tofauti na upinde wa kawaida ina ukuta mwisho wa kuvuta, inakwenda mpaka hapo inasimama, na ule ukuta umewekwa kulingana na mwili wa mtu. Wake ulikuwa inchi 30. Hesabu ya haraka ni hii, unanyoosha mikono yote pembeni, unapima toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, unagawa kwa 2.5. Mimi ni inchi 70, kwa hiyo 28. Inchi mbili nzima zaidi ya mwili wangu! Nilikuwa najikuta nimelalia nyuma, kiwiko kimepita mgongoni, mkono wa mbele umekakamaa umefungana, na kamba lazima ipite kwenye nyama.

Na hapa ndo panapoamua, kwa maoni yangu, kama upinde wa zamani unafaa kukarabatiwa au la. Sio umri wake wala spidi yake. Je, unaweza kukutosha? Kemu nyingine unalegeza skrubu unasogeza, umemaliza. Nyingine zina kipande maalum, mafundi wanaita modyuli, kila urefu na kipande chake chenye herufi au namba imegongwa juu. Nyingine kemu nzima ni ya urefu mmoja tu, ukitaka mwingine unabadilisha kemu zote. Wangu ni wa modyuli, na waliotengeneza walishaacha kuzitoa zamani. Nimetafuta hizo modyuli miezi miwili, usiku nimelala na simu mkononi nasoma herufi kwenye picha za vyuma vya watu. Mwishoni nikapata mtu anauza upinde kama wangu uliopasuka mkono wa chini kabisa, anauza kama skrepa, na picha ya kemu ukiivuta kubwa inaonyesha ile herufi ninayoitaka. Nikanunua maiti nzima kwa ajili ya vipande viwili vidogo kama biskuti.

Kama nisingezipata ningeacha hapo, ukweli mtupu. Upinde usiokutosha hata ukiuwekea vifaa vya mbinguni ni sawa na kuvaa kiatu cha mtu, utatembea lakini hutafika mbali.

Baada ya huo ukarabati nikaenda na jamaa yangu mwenye upinde wa mwaka juzi, tukaweka kronografu, ile mashine ya kupima spidi ya mshale. Wote uzito wa kuvuta ni paundi 70, urefu wa kuvuta karibu sawa, mshale ule ule wa gramu 27. Wa mjomba ukatoa mita 73 kwa sekunde, wake mita 88. Kwa lugha ya matangazo ni futi 240 na futi 290. Jamaa akanikonyeza, unaona?

Nimeona, lakini nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Mnyama yuko mita 18. Mshale wangu unafika baada ya robo sekunde, wake baada ya sehemu 20 za mia. Sauti ya kamba inatembea karibu mita 343 kwa sekunde kwa hiyo mnyama anaisikia kabla mshale wa yeyote kati yetu haujafika hata theluthi ya njia. Tofauti yetu ni sehemu nne za mia za sekunde. Ni kitu, lakini sio kitu cha kuuza ng'ombe. Sasa tuseme umbali ni mita 45 na wewe umekadiria 40, hilo ndo kosa la kila siku porini. Mshale wangu utashuka kama sentimita 20 chini ya pale nilipolenga. Wake 14. Wote tumekosa pale pa kuua! Pale penye moyo na mapafu kwa mnyama wa ukubwa wa swala mkubwa ukilenga katikati una kama sentimita 10 kila upande. Kwa hiyo spidi yake haikumwokoa, angemjeruhi tu mahali pazuri kidogo kuliko mimi. Kitakachotuokoa sote ni kujua umbali, kile kidude cha leza cha kupima, au kukataa kupiga mbali. Na nguvu ya mshale wangu kwa hiyo spidi ni kama jouli 72, kwa wanyama wa wastani inatosha na kubaki, mradi chembe, ile ncha kali ya mshale, imenolewa, na chembe butu hata upinde wa jouli 100 hausaidii.

Alafu zile spidi za kwenye matangazo zisikutie presha. Wanapima kwa paundi 70, inchi 30, na mshale mwepesi wa gramu 22.7 hivi. Wewe wa inchi 28 kila inchi uliyopungukiwa inakula kama mita 3 kwa sekunde, weka na mshale mzito wa kuwindia, basi ile namba hutakaa uione.

Ila sitaki kudanganya, kuna kitu kwenye upinde wa jamaa ambacho nilikionea wivu mpaka leo. Sio spidi. Ni kushikilia. Kampaundi ukifika mwisho wa kuvuta uzito unapungua, hiyo ndo raha yake. Wangu unapunguza asilimia 65, kwa hiyo kwenye paundi 70 nabaki nimebeba kama 24 na nusu. Wake unapunguza 85, anabeba 10 na nusu. Andika hivyo kwenye karatasi inaonekana ni namba tu, nenda kasimame nyuma ya mti umevuta, mnyama amesimama nyuma ya kichaka kichwa kinaonekana bega halionekani, na wewe unasubiri apige hatua moja. Mimi sekunde ya 20 pini inaanza kuchora nane hewani, ya 30 nashusha. Jamaa alikaa dakika nzima na anapiga stori! Na hiyo huwezi kuinunua ukaifunga kwenye upinde wa zamani, imechongwa kwenye umbo la kemu. Kama bega lako lina tatizo, au umri umesogea, au unawinda sehemu ambayo mnyama anachelewa kujionyesha, mimi nakwambia nenda kwenye mpya na usione aibu. Mjomba angekuwa na upinde wa asilimia 85 pengine asingeutundika mapema hivyo.

Na urefu pia. Wa mjomba toka ekseli mpaka ekseli ni inchi 41, wa leo wengi wako kwenye 30 na kitu. Huo urefu unatulia vizuri mkononi, nausifia sana uwanjani, lakini ndani ya kibanda cha kujificha ncha ya chini inagonga kila kitu. Nimeshamfukuza mnyama kwa kugonga ndoo niliyokuwa nimeikalia.

Kuhusu hela, sitataja bei kwa sababu zinatofautiana, ila mgawanyo ninaotumia kichwani ni huu, kuna vitu vinavyohama na visivyohama. Saiti, kiegemeo cha mshale, rilizi ya kuachilia kamba, kidude cha kupimia umbali, podo, hivyo vinahama, ukipata upinde mwingine unavifungua unavipeleka, kwa hiyo kwenye hivyo nunua kizuri bila kuogopa, hata ile saiti niliyoikurupukia haikupotea. Mishale inahama nusu, kama ugumu wake unaendana na upinde mpya. Kamba, kebo, modyuli, mikono, kemu, hivyo havihami, vinakufa na upinde. Kamba na kebo ni lazima kwa hiyo sihesabu kama anasa. Lakini ukishaanza kuongelea jozi ya mikono mipya au kemu mpya kwa upinde wa zamani, simama kwanza, kaulize bei ya upinde wa mkono wa pili wa miaka mitatu minne iliyopita. Mara nyingi utakuta vinakaribiana na huo wa pili una kila kitu nilichokuwa nakionea wivu hapo juu. Watu wanasahau hiyo njia ya katikati, wanadhani ni wa zamani au mpya kabisa wa dukani, wakati wenye kiherehere cha kubadilisha kila mwaka ndo wanaotuachia vitu vizuri. Ila huo nao kaupitishie pamba, na ujue waranti nyingi ni za mnunuzi wa kwanza tu.

Kwa wenye pinde za mbao za zamani, zile zisizo na magurudumu, neno moja tu, msikimbilie kuweka kamba za kisasa zisizovutika. Ncha nyingi za zamani zilitengenezwa kwa kamba za dakroni zinazonyumbuka kidogo, ukiweka ile ngumu mshtuko wote unaenda kwenye ncha ya mbao na ncha inapasuka. Hapo kuboresha ndo kuua.

Mjomba alikuja mwezi uliopita. Akaushika, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ile saiti mpya bila kusema kitu, akaangalia kemu. Hakuvuta, bega haliruhusu. Nikampa pamba nikamwambia pitisha mwenyewe mjomba, nafanya hivi kila kabla ya msimu. Akapitisha taratibu mkono wa juu, akapitisha wa chini, pamba ikatoka nyeupe nzima.

"Na siku ikinasa?"

Nikamfungulia mfuko wa pembeni wa podo, ndani nimebandika alenki moja, ule ufunguo wa skrubu, kwa gundi ya karatasi. Skrubu za saiti na za kiegemeo zote ni saizi hiyo hiyo, dakika kumi vimeshatoka.

"Na upinde wenyewe?"

"Ule msumari bado upo stoo, mjomba?"

"Upo."